Nafasi Arobaini za Kitabu: Alama za Urefu Maalumu katika Katalogi ya Maktaba na Hesabu ya Vitabu vya Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba zinavyoandika habari za kitabu kwa alama fupi ili zisomwe na kompyuta, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo, ambayo aghalabu huachiwa wakutubi peke yao, inawahusu pia wataalamu wa lugha na fasihi za Kiafrika.

Mtafiti anayetaka kujua ni tamthilia ngapi za Kiswahili zilizotolewa Kenya kati ya mwaka wa 1970 na 1980 hawezi kupata jibu kwa kupekua rafu moja baada ya nyingine. Hana budi kuiuliza kompyuta. Nayo kompyuta haifungui kitabu, wala haielewi jina lake. Inatazama alama chache zilizopangwa katika mstari mmoja, kila alama mahali pake, kisha inahesabu. Alama zikiwa sahihi, mtafiti hupata jibu la kutegemewa. Zikikosewa, kitabu huwa kipo rafuni na vumbi lake, lakini katika hesabu ya wasomi ni kana kwamba hakikuandikwa kamwe.

2. Chimbuko la mfumo

Mfumo unaozungumziwa hapa hujulikana kwa jina la MARC, na maana yake ni katalogi inayoweza kusomwa na mashine. Ulibuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington, chini ya uongozi wa Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta ambaye hakuanza kazi yake katika ukutubi. Majaribio ya kwanza yalifanywa kati ya mwaka wa 1966 na 1968 kwa ushirikiano wa maktaba 16, na mwaka wa 1969 Maktaba ya Bunge ikaanza kusambaza rekodi zake kwa kanda za sumaku. Mwaka wa 1973 umbo la nje la rekodi za namna hii lilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa, ISO 2709. Mwaka wa 1999 mifumo ya Marekani na Kanada iliunganishwa, ikapewa jina la MARC 21, na huo ndio unaotumiwa hadi leo katika maktaba nyingi za dunia.

Kompyuta za miaka ya sitini zilikuwa na nafasi finyu ya kuhifadhi habari, na kusoma kanda kulichukua muda. Kwa hiyo ilionekana ni heri habari zinazoulizwa mara kwa mara, kama vile mwaka, nchi, lugha na utanzu, zisiachwe ndani ya sentensi, bali zifupishwe ziwe herufi na tarakimu, na kila moja iwekwe mahali pasipobadilika. Mashine ikitaka lugha ya kitabu, haina haja ya kusoma rekodi nzima. Huenda moja kwa moja kwenye nafasi ya lugha.

3. Umbo la rekodi

Rekodi ya MARC ina sehemu za aina mbili. Ziko zinazorefuka na kufupika kulingana na habari iliyomo, kama vile jina la mwandishi, anwani ya kitabu na maelezo ya yaliyomo. Ziko pia zenye urefu maalumu, ambazo haziongezwi wala hazipunguzwi hata herufi moja. Iliyo muhimu zaidi miongoni mwa hizi za pili hutambulishwa kwa nambari 008, na ina nafasi 40 kamili. Nafasi hizo huhesabiwa kuanzia sifuri, hivyo ya mwisho huitwa nafasi ya 39.

Msomaji aliyezoea ushairi wa Kiswahili hatapata taabu kufahamu kanuni hii. Kipande cha utenzi kina mizani minane. Kikiwa na saba kimepungua, na kikiwa na tisa kimezidi. Ndivyo ilivyo sehemu ya 008, ila tofauti moja yapasa itiliwe maanani. Mshairi akipungukiwa na mizani hutafuta neno jingine. Mkutubi akikosa habari huacha nafasi tupu, na nafasi hiyo tupu huhesabiwa, tena ina maana yake. Katika maandishi ya wakutubi nafasi tupu huonyeshwa kwa alama #.

Hapa pana tofauti tatu ambazo wasiozoea kazi hii huzichanganya. Nafasi tupu, mahali pengi, husema kwamba jambo halipo: kitabu hakina picha, au si chapisho la serikali. Herufi “u” husema kwamba jambo lipo lakini halijulikani. Kijistari cha wima, |, husema kwamba mkutubi hakujaribu kuliandika jambo hilo. Kusema “hakuna”, kusema “haijulikani” na kusema “haikuangaliwa” ni kauli tatu mbalimbali, na mtafiti anayezihesabu kwa pamoja hujenga hoja yake juu ya mchanga.

Nafasi 40 zenyewe hazisomwi kwa namna moja kwa kila kitu kilichomo maktabani. Ramani, gazeti na kitabu hutofautiana katika nafasi za katikati, yaani kuanzia ya 18 hadi ya 34. Maelezo yanayofuata yanahusu vitabu tu, pamoja na miswada ya mkono, ambayo husomwa kwa utaratibu huohuo.

4. Tarehe

Nafasi sita za kwanza, 00 hadi 05, zina tarehe ambayo rekodi iliingizwa katika kompyuta: mwaka kwa tarakimu mbili, mwezi kwa mbili na siku kwa mbili. Tarehe hii ni ya rekodi, si ya kitabu, na wapo watafiti waliozichanganya.

Nafasi ya 06 hutaja aina ya tarehe, na nafasi za 07 hadi 14 zina miaka miwili yenye tarakimu nne kila mmoja. Kitabu chenye mwaka mmoja unaojulikana hupewa herufi “s”. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981 itaandikwa s1981####, na toleo lake la pili la mwaka wa 2004, kwa kuwa ni toleo jipya, litakuwa na rekodi yake yenyewe, s2004####. Kitabu kilichochapwa tena hupewa herufi “r”, ukifuatwa na mwaka wa kuchapwa tena, kisha mwaka wa asili. Mfano mzuri ni Al-Inkishafi iliyohaririwa na William Hichens na kutolewa London mwaka wa 1939, ambayo ilichapwa tena Nairobi mwaka wa 1972. Rekodi ya chapa ya Nairobi huwa na r19721939. Mtafiti anayetazama mwaka wa kwanza tu atadhani kazi ya Hichens ni ya miaka ya sabini.

Hapa ndipo istilahi za wachapishaji wa Kiswahili zinapoleta matatizo. Neno “chapa” limetumika kwa maana mbili: kitabu kilekile kupigwa chapa upya bila mabadiliko, na kitabu kilichorekebishwa na kutolewa upya. Neno “toleo” nalo hutumika kwa kitabu kilichorekebishwa, na vilevile kwa nakala moja ya jarida. Mkutubi akikuta “Chapa ya Tatu” nyuma ya ukurasa wa anwani, hana njia ya kujua kama maandishi yamebadilika au la, isipokuwa akilinganisha nakala mbili. Kwa vitabu vya shule, ambavyo hurudi mtamboni mara kwa mara, jambo hili hutokea sana. Likikosewa, kitabu kimoja hugeuka vitabu vitano katika hesabu, au matoleo mawili yenye maandishi tofauti huhesabiwa kuwa kitabu kimoja.

Viko pia vitabu visivyo na mwaka, hasa vijitabu vya mashairi, vya dini na vya mafundisho vilivyochapwa katika miji ya pwani. Ikikisiwa kwamba kijitabu ni cha miaka ya sabini, huandikwa q19701979. Ikiwa kina mwaka wa Hijria pekee, hapana budi mwaka huo ugeuzwe kuwa wa Miladi. Lakini mwaka wa Kiislamu hauanzi Januari. Mwaka wa 1399 wa Hijria ulianza Desemba 1978 ukaisha Novemba 1979, kwa hivyo kitabu hicho huandikwa q19781979. Mkutubi anayeweka mwaka mmoja tu kwa kukisia huwa amedai ujuzi ambao kitabu chenyewe hakikumpa.

5. Mahali na lugha

Nafasi za 15 hadi 17 hutaja mahali pa kuchapishiwa. Kenya huandikwa “ke#”, Tanzania “tz#”, Uganda “ug#”, na Uingereza “enk”. Alama hizi zina historia ndani yake. Anayepanga vitabu vya Kiswahili kwa miaka na kwa nchi ataona kwamba vingi vya kabla ya uhuru vina “enk”, kwa sababu wachapishaji walikuwa London, na kwamba Desturi za Wasuaheli, iliyokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka wa 1903, ina “gw#”, alama ya Ujerumani. Alama ya nchi haisemi kitabu kilitungwa wapi wala kilisomwa wapi. Inasema tu mchapishaji aliyetajwa kwanza alikuwa katika nchi gani.

Nafasi za 35 hadi 37 hutaja lugha, na Kiswahili huandikwa “swa”. Alama hii moja hukusanya Kiamu, Kimvita, Kiunguja, Kingwana cha Kongo na Kiswahili sanifu. Mwaka wa 2007 kipimo cha kimataifa cha ISO 639-3 kiliitambua “swa” kuwa jina la jumla, kikatoa “swh” kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki na “swc” kwa kile cha Kongo. Alama hizo mpya zinaweza kuandikwa katika sehemu nyingine ya rekodi, yenye nambari 041, lakini nafasi tatu za sehemu ya 008 zimebaki na “swa” yao.

Kwa lugha nyingine za Kenya hali ni ngumu zaidi. Kikuyu kina “kik”, Kikamba “kam”, Kiluo “luo” na Kimaasai “mas”. Lakini Kigusii, Kimeru na Kigiryama havikupewa alama zao katika orodha ya MARC. Vyote huandikwa “bnt”, yaani lugha nyinginezo za Kibantu. Kiturkana huwekwa chini ya “ssa”, pamoja na lugha nyinginezo za jamii ya Kinilo-Sahara. Mtu akiiuliza kompyuta impe vitabu vyote vya Kigusii kwa kutumia sehemu ya 008 peke yake, atapewa mchanganyiko wa lugha kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Kwa lugha hizo ni lazima sehemu ya 041 iandikwe kwa alama za ISO 639-3, na vilevile jina la lugha litajwe kwa maneno katika maelezo ya rekodi.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni vitabu vya lugha mbili. Kanuni yasema kwamba lugha iliyotawala kitabuni ndiyo iwekwe katika nafasi za 35 hadi 37. Ikiwa hakuna iliyotawala, lugha zote hutajwa katika sehemu ya 041 kwa kufuata mfuatano wa alfabeti, na ya kwanza katika mfuatano huo ndiyo inayoingia katika sehemu ya 008. Kwa alfabeti, “eng” hutangulia “swa”. Basi kitabu chenye Kiswahili ukurasa wa kushoto na Kiingereza ukurasa wa kulia, kwa urefu ulio sawa, huandikwa kuwa cha Kiingereza. Hatari hii imevizunguka vitabu ambavyo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawawezi kuviepuka: ngano alizokusanya Edward Steere Unguja na kuzitoa London mwaka wa 1870 pamoja na tafsiri yake, Al-Inkishafi ya Hichens, na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini uliotolewa mwaka wa 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Katika kazi za namna hii Kiswahili ndicho asili na Kiingereza ndicho mgeni, ila alfabeti haijui mwenyeji wala mgeni. Kwa hiyo mtafiti asitafute “swa” katika sehemu ya 008 peke yake. Atafute pia katika 041, la sivyo atapoteza sehemu ya kale na ya thamani ya fasihi anayoichunguza.

Tafsiri zisizo na matini ya asili hazina utata huo. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka wa 1969, ina “swa” katika sehemu ya 008, na sehemu ya 041 hueleza kwamba imetafsiriwa kutoka “eng”.

Nafasi ya 38 nayo hueleza kama maandishi ya rekodi yamebadilishwa. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, rekodi yake ikiandikwa yote kwa herufi za Kirumi, hupewa “o” hapo. Alama ya lugha hubaki “swa” kwa hati zote mbili. Kwa hiyo, aina ya hati isipotajwa kwa maneno katika sehemu ya 546, mtafiti wa miswada ya Lamu au ya Pate hawezi kuitofautisha na vitabu vya shule.

6. Utanzu na maisha ya watu

Nafasi ya 33 ndiyo itakayowavutia zaidi walimu wa fasihi. Riwaya hupewa “f”, hadithi fupi “j”, tamthilia “d”, ushairi “p”, insha “e”, na mchanganyiko wa tanzu “m”. Kazi isiyo ya kubuni hupewa 0. Hapo awali nafasi hii ilikuwa na tarakimu mbili tu, 0 na 1, kazi zisizo za kubuni na za kubuni, na rekodi nyingi za zamani hazikuguswa tena baada ya herufi kuongezwa. Kwa hiyo tamthilia na diwani za miaka ya sitini na sabini zinaweza kukosa alama ya utanzu wake, na anayetafuta “d” au “p” hatazipata.

Nafasi ya 34 hueleza kama kitabu ni cha maisha ya mtu: “a” kwa tawasifu, “b” kwa wasifu wa mtu mmoja, “c” kwa wasifu wa watu wengi. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert huandikwa 0 katika nafasi ya 33 na “b” katika ya 34. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni tawasifu, hivyo ina “a”, lakini nathari na ushairi vimekaa pamoja humo, na mkutubi asiyekifungua kitabu hawezi kujua.

Utenzi huleta swali zito zaidi. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji ni ushairi, kwa hivyo unastahili “p”. Lakini pia ni historia ya vita vya 1905 hadi 1907, na mtungaji aliukusudia uwe hivyo. Mwanahistoria anayeomba kazi zisizo za kubuni, yaani zenye 0, hatauona. Mpango wenyewe umechukulia kwamba fasihi na historia ni nyumba mbili zenye milango miwili. Katika mapokeo ya pwani nyumba ni moja. Nafasi moja haiwezi kuchukua alama mbili, kwa hiyo dawa haimo katika sehemu ya 008. Imo katika vichwa vya mada, ambapo utenzi huo unaweza kutajwa kuwa ushairi na kuwa habari za vita kwa pamoja.

7. Nafasi nyingine na mfano mmoja

Nafasi za 18 hadi 21 zina aina za picha, hadi nne: “a” kwa picha za kawaida, “b” kwa ramani, “c” kwa picha za watu. Nafasi ya 22 hutaja wasomaji, kama “j” kwa vitabu vya watoto. Ya 23 hutaja umbo, kama “f” kwa breli na “o” kwa kitabu kinachosomwa kwenye intaneti. Nafasi za 24 hadi 27 hutaja aina ya yaliyomo: “d” kwa kamusi, “b” kwa bibliografia, “m” kwa tasnifu. Nafasi ya 28 ni ya machapisho ya serikali, ya 29 ni ya kumbukumbu za mikutano ya wataalamu, ya 30 ni ya vitabu vya kumtunukia msomi, na ya 31 ni ya faharasa. Ya 32 haina kazi. Ya 39 hutaja aliyeitengeneza rekodi.

Tuchukue Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotolewa Nairobi mwaka wa 1973. Ikiwa rekodi iliingizwa tarehe 12 Juni 1985 na maktaba isiyo ya taifa, na ikiwa nakala iliyo mkononi haina picha wala faharasa, sehemu ya 008 itakuwa hivi:

850612s1973####ke############000#p#swa#d

Herufi na tarakimu hizi hazielezi kwamba mashairi hayo yalitungwa gerezani, wala kwamba yametungwa kwa lahaja ya Kimvita. Hilo si kazi yake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayetafuta ushairi wa Kiswahili uliotolewa Kenya katika miaka hiyo anakifikia kitabu, kisha akisome mwenyewe. Ikiwa “p” itaandikwa 0, au “swa” itaandikwa “eng”, kitabu hakitafikiwa kwa njia hiyo.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba makosa mengi hayatokani na uvivu wa wakutubi. Yanatokana na utata uliomo katika vitabu vyenyewe na katika istilahi zetu, na kwa sehemu yanatokana na mpango uliotengenezwa pasipo kuyafikiria mapokeo ya huku. Wataalamu wa lugha wanaweza kusaidia kwa njia tatu.

Kwanza, wahariri na wachapishaji wapatane juu ya matumizi ya maneno “chapa” na “toleo”, la kwanza libaki kwa kupigwa chapa upya bila mabadiliko na la pili kwa kurekebishwa, na kila kitabu kitaje mwaka wake na mwaka wa asili. Pili, idara za lugha ziwasaidie wakutubi kutambua utanzu, lahaja na hati, hasa kwa miswada na vijitabu ambavyo mkutubi asiyejua Kiswahili cha kale hawezi kuvisoma. Tatu, kila mtafiti anayetoa hesabu ya vitabu aeleze alitazama nafasi zipi na alishughulikiaje zile tupu. Hesabu isiyoeleza hivyo haiwezi kupimwa na wengine.

Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema Waswahili. Vitabu vya Kiswahili ni mali, na daftari lake sasa limo katika kompyuta za maktaba za Nairobi, Dar es Salaam, London na Washington. Ni juu ya wanaoijua mali hiyo kulikagua daftari.